Vigari vya Watoto Vipewe Njia

Njia itokayo Mombo kupanda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na ni nadra kupata mahali inaponyooka. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde, na katikati ya safari msafiri hupita Soni penye maporomoko ya maji. Wengi miongoni mwa watu wa visiwani wanaijua njia hiyo, ama kwa kufuata biashara ya mboga na matunda, ama kwa kuikimbia harara ya pwani. Na kila aliyeipita ameona kando yake jambo ambalo pengine hakulitia maanani, nalo ni watoto wa Usambara na magari yao waliyoyaunda kwa mikono yao wenyewe.

Yako magari ya waya, yenye mti mrefu wa kushikia na usukani wa mviringo, ambayo mtoto huyasukuma huku akikimbia nyuma yake, akikata kona na kutoa kwa kinywa mngurumo wa injini. Yako ya mabati ya makopo, yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa au yaliyotengenezwa kwa vizibo vya soda. Ziko pia baiskeli za mbao tupu, zisizo na mnyororo wala pedali, ambazo kijana huzipanda na kuteremka nazo mlimani kwa kasi ya kutisha. Mafundi hawa wadogo hawakuhudhuria chuo chochote. Wameliona gari likipita, wakalitazama kwa makini, wakarudi nyumbani kuliiga.

Siku hizi limekuja gari la namna nyingine. Katika maduka ya Tanga, ya Unguja na ya Chake Chake huuzwa vigari vinavyoongozwa kwa mawimbi ya redio, ambavyo vijana wetu huviita magari ya rimoti. Mchezaji husimama mbali, akashika kipande cha kuongozea mkononi, na gari likamtii bila ya uzi wala waya. Katika nchi nyingi za dunia mchezo huu ni uraibu wa watu wazima na watoto pamoja. Wana vyama vyao, viwanja vyao na mashindano yao, na hata mashindano ya ubingwa wa dunia yamekuwapo tangu mwaka 1977.

Wako miongoni mwetu wanaoutazama mchezo huu kwa dharau, wakisema ni upuuzi wa watoto wa wenye fedha. Sisi hatukubaliani nao. Maoni yetu ni kwamba gari la waya la mtoto wa Mlalo na gari la rimoti la mtoto wa mjini ni darasa la kwanza na la pili la elimu moja, na kwamba hasara yetu kubwa ni kuyaacha madarasa hayo mawili yasikutane. Anayejua kuunda hapati redio, na anayepata redio hafundishwi kuunda.

Yafaa wasomaji wetu wa visiwani wakumbuke kwamba chombo kilichofungua njia hii hakikuwa gari. Kilikuwa ni kidau. Mwaka 1898, mjini New York, mhandisi Nikola Tesla aliuonyesha umma chombo kidogo kilichoelea ndani ya birika la maji, akakiamuru kwenda na kugeuka kwa mawimbi ya redio peke yake. Ilipita miaka mingi kabla ya ufundi huo kuwa mwepesi na rahisi kiasi cha kuingia katika kigari cha kuchezea. Kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Italia ilitoa kigari cha namna hiyo mwaka 1966, kwa mfano wa gari la mashindano la Ferrari. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ikatoa chake kwa mfano wa Porsche, na tangu hapo uraibu huu ukaenea duniani.

Habari za Tamiya zina somo kwa watu wa Lushoto. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1946, katika mji wa Shizuoka, ikiwa biashara ya kupasua na kuuza mbao. Kutokana na mbao ikaingia katika kutengeneza mifano ya meli ya kuunganisha, na baadaye ikatoka katika mbao na kuingia katika plastiki, na mwisho katika magari ya redio. Basi jina linalojulikana leo na watoto wa mabara yote lilianzia kwenye msumeno na ubao. Usambara nayo ina misitu ya kupandwa ya Serikali huko Shume, ina wapasuaji mbao na maseremala hodari. Hatusemi kwamba kesho Lushoto itakuwa Shizuoka. Tunasema kwamba mwanzo wa namna hiyo haukuwa mbali na hali yetu kama tunavyodhani.

Jambo jingine lililoleta manufaa katika magari hayo ya Japani ni kwamba yaliuzwa yakiwa vipande vipande. Mnunuzi alipewa sanduku lenye gia, skrubu, springi, matairi na karatasi ya maelezo, akaketi siku kadhaa kuunganisha. Akimaliza alikuwa ameshajua kila kipande kinakaa wapi na kina kazi gani, na gari likivunjika alijua kulifungua. Vigari vingi tunavyowanunulia watoto wetu wakati wa Idd havina sifa hiyo. Huja vimefungwa kabisa, mtoto huenda navyo Kariakoo au Tibirinzi kwenye viwanja vya sikukuu, na mara nyingi hufa kabla sikukuu haijamalizika. Vikisha kufa hutupwa jaani, na mtoto akijaribu kukifungua kigari chake ili aone kilichomo ndani, hukemewa kwamba anaharibu. Kwa hakika ni wakati huo alipokuwa anaanza kujifunza.

Na kilichomo ndani kinastahili kutazamwa. Kipande cha mkononi hutuma ishara kwa mawimbi. Ndani ya gari mna kipokezi kinachozinasa ishara hizo na kuzigawa: nyingine huiendea mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, nyingine hukiendea kifaa kinachopima umeme wa betri na kuupeleka, mwingi au mchache, kwenye mota kubwa ya kuendeshea. Katika magari ya zamani yaliyotumia masafa ya megahezi 27, watu wawili wakiwasha vyombo vyao kwenye njia moja, gari la huyu lilimtii yule, na fujo ikatokea uwanjani. Vyombo vya siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kila kipokezi hufungamanishwa na mtumaji wake mmoja, hata magari mengi yakaweza kukimbia pamoja bila ya kuingiliana. Mtoto aelezwapo jambo hili huku gari likimzunguka miguuni, atakuwa ameelewa mawimbi ya redio kuliko aliyeyakariri kwa ajili ya mtihani.

Mchezo wenyewe nao hufundisha mengi. Gari likienda mbele yako, mkono wa kulia ni kulia. Likigeuka na kukujia, kulia kwako ni kushoto kwake, na anayesahau hulitia mtaroni. Hapo mtoto hujifunza kujiweka mahali pa dereva asiyekuwamo. Hujifunza pia kipimo. Gari la kweli lenye urefu wa mita 4, likiundwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, litakuwa na sentimita 40, na hesabu hiyo ya kugawa huingia akilini bila ya kiboko. Hujifunza subira, maana betri likiisha hana budi kungoja lijae tena.

Juu ya hayo yote, milima ya Usambara ni mwalimu ambaye uwanja wa sakafu hauwezi kumshinda. Mahali tambarare gari lolote hukimbia. Katika mteremko na mpando ndipo ufundi unapojulikana. Gari likiwekewa gia ya mbio na kupandishwa kilima, mota hupata moto na kuungua. Likiwekewa gia ya nguvu, litapanda polepole na kufika. Uzito ukikaa juu, gari hupinduka kwenye kona; ukishushwa chini, hutulia. Matairi laini hushika udongo mwekundu ulioloa, na yale magumu huteleza. Haya ndiyo mambo ambayo kila dereva wa lori la kabichi ateremkaye kutoka Lushoto huyajua kwa hofu na uzoefu, na mtoto anaweza kuyajua mapema kwa gharama ya mota moja ndogo iliyotolewa katika redio kaseti mbovu.

Atakayeuliza mchezo wa watoto umewahi kumfaa nani, na atazame Goma, mashariki ya Kongo. Huko wanacho chombo kiitwacho chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, ndugu wa damu wa zile baiskeli za mbao za Usambara. Chombo hicho hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao, na familia nyingi zimekula na kusomesha watoto kwa sababu yake. Watu wa Goma wamekiheshimu hata kikajengewa sanamu katikati ya mji. Ubao huo huo wenye magurudumu, ukidharauliwa utabaki kuwa mchezo, na ukiheshimiwa utageuka kuwa kazi.

Nasi hatukosi mfano wetu wenyewe. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kitanzania huko Kibaha walibuni na kuunda lori, wakaliita Nyumbu. Ingawa mradi huo ulipata misukosuko yake, ulithibitisha kwamba akili ya kuunda gari haikugawiwa watu wa rangi moja wala bara moja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alihimiza Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi ya mikono. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza kuingizwa katika shule za sekondari Tanzania Bara, na huku Zanzibar mafunzo ya amali yana mamlaka yake. Kwa hiyo nia ya Serikali zetu inajulikana, na vyombo vya kuitekeleza vipo. Kilichobaki ni kumtambua mwanafunzi ambaye ameshajianzishia amali yake barabarani, kabla hatujamwita darasani kuianza upya.

Tunajua hoja za wapinzani. Watasema kwamba nchi yenye uhaba wa madawati haina nafasi ya kuzungumzia vigari. Jawabu letu ni kwamba hatuombi fedha nyingi wala hatuombi kila mtoto anunuliwe gari. Kigari kimoja kilichofunguliwa juu ya meza mbele ya watoto thelathini kina faida kubwa kuliko vigari thelathini vilivyofungwa ndani ya sanduku. Watasema pia kwamba mbio za magari ni mambo ya kitoto. Lakini jirani zetu wa Kenya, ambao mashindano yao ya Safari yalianza mwaka 1953 na yakapita hata katika ardhi yetu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, walijitahidi mpaka yakarejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Viongozi wakubwa wa nchi hiyo husimama kuyashuhudia, na wala hakuna awaitaye watoto.

Hata hivyo haitakuwa haki kuusifu mchezo na kuzinyamazia hatari zake. Ya kwanza ni barabara. Mtoto anayeteremka kwa baiskeli ya mbao isiyo na breki ya maana, au anayelifuata gari lake la waya mpaka katikati ya lami, hukutana na basi kwenye kona ambayo dereva haoni mbele. Maisha ya mtoto hayana kipuri. Hatari ya pili ni betri. Yale ya lithiamu yana nguvu nyingi katika umbo dogo, na yakitobolewa, yakijazwa kupita kiasi au yakichajiwa kwa chombo kisichoyafaa, huweza kushika moto. Hayafai kuachwa yakichajiwa usiku kucha juu ya godoro, wala kutiwa mfukoni pamoja na misumari. Hatari ya tatu ni taka. Milima ya Usambara ni chemchemi ya watu wa chini. Maji ya mto Sigi, utokao Usambara Mashariki, ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani na kunywewa mjini Tanga. Betri kuukuu likitupwa kwenye kijito leo, sumu yake itateremka bila ya kuuliza njia. Nasi wa visiwani, ambao kisima chetu na jaa letu haviko mbali sana, tunahitaji hadhari hiyo zaidi.

Hatari hizi haziondoki kwa kupiga marufuku. Mtoto akinyang'anywa gari mchana atalitoa jioni, na mahali atakapokwenda kujificha patakuwa pabaya zaidi. Zinaondoka kwa kumpa mahali, mwalimu na utaratibu. Kwa sababu hiyo tunapenda kuwatolea wahusika mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto na zile za jirani zitenge kipande cha ardhi, hata kikiwa kidogo kama uwanja wa mpira wa shule, kilicho mbali na barabara kuu na nje ya misitu iliyohifadhiwa. Pachongwe vijinjia vya udongo vyenye mipando na miteremko, na pawe mahali pa watoto kuendesha magari yao ya namna zote, ya mbao, ya waya na ya redio. Huku visiwani manispaa na mabaraza ya miji yafanye vivyo hivyo, hata kama ni kwa saa chache za jioni ya Jumamosi katika viwanja vilivyopo.

Pili, shule zifungue vyumba vya ufundi baada ya masomo, na ziwaalike mafundi redio na maseremala wa mitaani kuwa walimu. Fundi anayekaa barazani na kikaango chake cha lehemu anajua mambo ambayo kitabu hayakisemi. Apewe posho ndogo na heshima kubwa. Wasichana nao wakaribishwe, kwani mkono unaojua kusuka ukili kwa hesabu hautashindwa kusuka waya.

Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano na Mamlaka ya Mapato zitoe maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, yakimwambia mzazi na mwalimu ni masafa yapi yanayoruhusiwa kwa vichezeo vya redio, na ni utaratibu gani unaohusu kuingiza vipande vya kuundia. Kila mtu amekwisha kusikia kwamba ndege ndogo zisizo na rubani zina masharti yake ya vibali, na ni haki ziwe nayo. Lakini si kila mtu anayejua kutofautisha kirukacho angani na kitambaacho ardhini, na ofisa wa bandarini asiye na maelezo hulazimika kuvitilia shaka vyote. Tungependa pia wenye mamlaka wafikirie kuvihesabu vipande hivyo kuwa vifaa vya kufundishia pale vinapoagizwa na shule.

Nne, mzazi anayenunua kichezeo cha sikukuu na achague, panapo uwezekano, kile kinachofunguka kwa skrubu. Na kikifa, asiwe mwepesi wa kukitupa. Akae na mwanawe, wakifungue pamoja. Mota itafaa, waya utafaa, hata magurudumu yatapata gari jingine.

Tano, na hili ndilo tunalolitamani zaidi, pawe na mashindano ya kila mwaka baina ya shule za Usambara na shule za visiwani. Sharti liwe kwamba bodi la gari liundwe na watoto wenyewe kwa vitu vilivyookotwa, na redio ndiyo pekee inunuliwe. Mshindi asiwe yule wa mbio tu. Apewe alama gari lililopanda kilima likiwa limebeba kilo moja ya viazi, na apewe alama mtoto aliyelitengeneza gari lake lililovunjika mbele ya waamuzi. Mwaka mmoja watoto wetu wapande Lushoto na vigari vyao. Mwaka wa pili watoto wa Lushoto wateremke Tanga, wavuke bahari, waje huku kushindana kwa vidau vya tanga na vya redio, kwa sababu mtoto wa pwani anayechonga ngalawa ya kuchezea na kuishindanisha maji yakijaa hana upungufu wowote mbele ya mwenzake wa mlimani. Mmoja anaujua upepo, mwingine anaujua mteremko, na taifa linawahitaji wote wawili.

Hayo ndiyo maoni yetu. Hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo wala tume ya kuchunguza. Yanahitaji mkuu wa shule atakayefungua mlango wa chumba kilichofungwa, diwani atakayesimamia kupimwa kwa kiwanja, na ofisa atakayeandika ukurasa mmoja wa maelezo. Mtoto wa Usambara amekwisha kufanya sehemu yake: ameokota waya, amekata kandambili, ameunda gari. Sasa ni zamu ya watu wazima kulipa gari hilo njia ya kupita, ili lisiishie mtaroni pamoja na akili iliyoliunda.